Meza Mbili Zilizotazamana

Kwa miaka kumi na saba nilikaa nikitazamana na mwanamke mmoja, kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, na sikujua kwamba hasikii. Nalisema hili mwanzo kabisa ili anayesoma asinidhanie mwema kuliko nilivyo.

Ofisi yetu ilikuwa ghorofani, mjini Malindi, juu ya duka la vyombo vya jikoni. Kazi yetu ni kupima mashamba na viwanja. Watu wakigawana urithi, wakiuziana, au wakigombana mipaka, huja kwetu. Wapimaji huenda wakatia bikoni, vile vigingi vya saruji vya mpakani, kisha mimi huchora ramani. Nilianza kwa wino na rula, juu ya karatasi nyembamba ambayo masika ikiingia hulegea kwa unyevu mpaka kalamu inazama. Baadaye kompyuta zikaja, nikajifunza upya.

Yeye alikuwa karani wa kupokea wateja. Meza yake iliupa ukuta mgongo na kuukabili mlango. Yangu ilikuwa ubavuni mwa mlango, kwa hiyo kila nilipoinua macho nilikutana na yake. Alikuwa Mrabai, mjane, mkubwa wangu kwa miaka tisa. Nilimwita dada, naye akaniita mdogo wangu. Mimi ni mtu wa Mambrui. Asubuhi nilikuja na mahamri ya nyumbani, yeye akaja na mihogo aliyoipika kwa nazi, tukala pamoja kabla wateja hawajapanda ngazi.

Wateja walimpenda. Wazee wa bara, wa Ganze na Marafa, waliokuja na hati zao zimefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, walimpita mkubwa wetu wa ofisi mwenyewe wakaenda kukaa mbele yake. Alikuwa akiwainamia, macho hayabanduki usoni mwao, wala hakumkatiza mtu. Mzee mmoja aliwahi kuniambia akiteremka, "Mjini hapa watu wote wana haraka. Yule mama peke yake ndiye anayesikiliza."

Nami nilikubali. Niliona hivyo hivyo.

Yako mengine niliyoyaona. Hakupokea simu hata siku moja. Ikilia, alinitazama, akangoja niinue mkono, kisha akasema, "Pokea wewe, mdogo wangu. Sauti yako ina adabu ya mji." Nikaona ananisifu. Mimi nina tabia ya kurudia kwa sauti anayoniambia mtu wa upande wa pili huku nikiandika: "Naam, shamba la Gongoni, ekari tatu, naam, Jumanne." Nikimaliza tu, namwona ameshafungua faili ya Gongoni. Nikadhani ni mazoea ya watu waliokaa pamoja muda mrefu. Nikichukua likizo, naye aliomba likizo wiki zile zile, na watu walitutania kwamba sisi ni mapacha. Nilifurahi. Sikuwahi kujiuliza mtu asiye na safari wala shughuli anakimbilia wapi ninapokuwa sipo.

Ulipokuja ugonjwa wa korona, sote tukaziba nyuso. Ndani ya wiki moja mwenzangu alibadilika. Aliwasihi wateja wasimame mbali, karibu na ngazi, washushe barakoa ndipo waseme. Mkubwa alimwona akamkemea, kwa haki, kwa maana watu walikuwa wanakufa. Basi akaleta daftari, akawaambia wateja waandike shida zao wenyewe, ili mambo yaende kwa utaratibu. Wasiojua kuandika aliwaleta mezani kwangu, akisema barakoa inamtia maumivu ya kichwa. "Amesemaje yule?" alikuwa akiniuliza, nami nikiishusha yangu kidogo ili nipumue, nikimjibu. Alinitazama kwa shukrani ambayo sikuielewa. Nilimwona mzito tu. Nilisema moyoni, dada amezeeka.

Kisha tukaambiwa tufanyie kazi majumbani, kila mwenye kazi inayobebeka.

Kwangu mimi ile ilikuwa rehema. Mamangu alikuwa na sukari, macho yameanza kumwacha, na kwa miaka nilikuwa nikimwachia jirani. Sasa niliweka kompyuta kwenye meza ya kulia chakula, pale Mambrui, nikachora mashamba ya watu huku nikimsikia akivuta uradi chumbani mwake. Saa saba nilimchoma sindano yake, nikampa chakula, tukazungumza. Alikuwa akiniuliza, "Leo unapima shamba la nani?" Nikamsimulia, naye aliwajua mababu wa nusu ya watu wale. Nilimpata mamangu upya katika miezi ile, na sitaki kusema uongo: sikutaka iishe.

Ugonjwa ulipopungua, mkubwa wetu alitazama ofisi akaona imekuwa kubwa kuliko watu wake. Alikuwa amekwenda Nairobi akaona jinsi wenzetu wanavyofanya huko. Akatuita, akatueleza kwamba ofisi ya leo si mahali pa kila mtu kuotesha mizizi. Ni mahali pa kukutana. Kila mmoja wetu angekuja siku mbili au tatu, zilizobaki angekaa kwake. Hakuna atakayekuwa na meza. Ukifika, unakaa palipo wazi. Nusu ya ukumbi ingekodishwa kwa siku kwa yeyote mwenye laptopu anayetaka meza, umeme na intaneti. Wateja nao wasipande ngazi hovyo. Wapige simu kwanza, wapewe siku.

Alituomba maoni kwa maandishi. Mimi niliandika ukurasa mzima wa kuunga mkono. Mwenzangu aliandika mstari mmoja: "Naomba niachiwe meza yangu."

Mkubwa aliusoma mbele yetu, akacheka kwa upole. Hakuwa mtu mbaya, na naomba lifahamike hilo. "Meza si ya mtu tena, mama," alimwambia. "Utazoea."

Mafundi walikaa wiki tatu. Tuliporudi sikuijua ile ofisi. Kuta zilizotenganisha vyumba zilikuwa zimebomolewa. Katikati ya ukumbi palikuwa na meza moja ndefu ya mbao iliyopigwa vanishi, watu wanakaa huku na huku kama kwenye karamu. Viti vilikuwa na magurudumu. Karibu na ngazi palisimama kabati la chuma lenye vijimlango vidogo, kila mtu na chake, cha kutilia mkoba. Vilikuwako vijichumba viwili vya kuzungumzia simu, na upande wa nyuma chumba cha mikutano cha kioo kitupu, kutoka sakafuni hadi darini. Madirisha tuliyokuwa tukiyafungua kupata upepo wa kusi yalifungwa kwa sababu ya mashine za baridi. Ilikuwa nzuri. Hata leo nikiingia naona ni nzuri.

Asubuhi ya kwanza mwenzangu alifika kabla ya watu wote, ili apate kiti kinachotazama ngazi. Akaenda msalani kunawa. Aliporudi, binti mmoja aliyekodi nafasi alikuwa amekaa pale, hedifoni masikioni, anaandika. Mwenzangu alisimama nyuma yake na mkoba wake mkononi. Binti wa watu hakujua lolote. Alipogeuka akamwamkia vizuri, "Shikamoo mama," akamwonyesha kiti cha pili yake. Kiti kile kiliupa ukumbi mgongo. Mwenzangu alikaa. Kila baada ya dakika chache aligeuka nyuma, kama mtu aliyekalia njia ya magari.

Siku zangu za ofisini zilikuwa Jumatatu na Jumatano. Siku hizo alinishikia kiti cha kukabiliana naye, ameweka leso yake juu yake. Siku nyingine nilikuwa Mambrui, na sikujua anaishije. Niliambiwa tu na wenzangu kwamba dada yako siku hizi anashtuka akiguswa bega, na kwamba anaitwa mara tatu ndipo ageuke. Simu za wateja zilikuwa zinaingia kwenye kompyuta, naye alipewa hedifoni kama sisi sote. Alizivaa. Nilimwona amezivaa, amekunja uso, mkono umebonyeza sikio la kulia.

Mwezi wa pili likatokea jambo la Garashi. Ndugu watano, watoto wa baba mmoja, walikuwa wamegombana miaka mingi juu ya shamba la marehemu. Hatimaye walikubaliana. Mmoja wao akapiga simu kuomba wapimaji, mwenzangu akaipokea, akaandika. Aliandika Ganda. Siku iliyopangwa wapimaji wakaenda Ganda, wakazunguka na vyombo vyao wakiuliza familia ambayo haipo. Kule Garashi ndugu wote watano walikuwa wamefika, mmoja ametoka Taveta, chifu yupo, mbuzi amechinjwa. Walikaa hadi alasiri. Walipochoka kungoja wakaanza kulaumiana, kwamba fulani amewahonga wapimaji wasije. Wakatawanyika wamegombana kuliko mwanzo. Nasikia mpaka leo shamba lile halijapimwa.

Mkubwa aliitisha mkutano wa mtandaoni. Mimi nilikuwa nyumbani, kila mtu kwenye kijidirisha chake. Alimuuliza mwenzangu, "Mama, hebu tueleze, ilikuwaje ukaandika Ganda?"

Mwenzangu alitabasamu, akatikisa kichwa. "Ndiyo," akasema. "Ahsante sana."

Kisha mtu akacheka, mwingine akafuata. Nami nikacheka. Kilikuwa kicheko cha haya, kile kinachomtoka mtu asijue pa kuweka macho, lakini kilikuwa kicheko. Alitutazama mmoja mmoja kwenye vijidirisha vyetu. Akatabasamu tena, tabasamu ambalo halikujua linatabasamia nini.

Jumatatu iliyofuata mkubwa aliniita kwenye chumba cha kioo. Akafunga mlango. Mwenzangu alikuwa amekaa kwenye meza ndefu, nje, kiasi cha hatua kumi kutoka kwetu.

"Wewe ndiye unayemjua," mkubwa aliniambia. "Ana nini? Mgonjwa? Ana msiba? Niambie ukweli, maana nikiona mambo yanaharibika hivi, nafikiria labda turudi wote hapa kama zamani. Kila mtu na meza yake, siku zote tano."

Akilini nilimwona mamangu, kule chumbani, amekaa kitandani anangoja sindano ya saa saba kutoka kwa jirani anayesahau.

"Hana kitu," nikasema. "Ni ukaidi tu. Hataki mabadiliko, anataka tumwonee huruma. Usirudishe mambo nyuma kwa ajili ya mtu mmoja. Mwache. Atazoea, au ataondoka mwenyewe."

Nilisema nikitabasamu, ili lionekane jambo jepesi. Mkubwa akashusha pumzi. Nilipotoka, mwenzangu alikuwa ameinamia kompyuta yake.

Wiki ile ile, Ijumaa, aliandika barua ya kuacha kazi. Sikuwako. Jumatatu nilikuta kijimlango chake cha kabati kiko wazi, ufunguo unaning'inia. Alikuwa amemwachia msafishaji salamu za kunipa: "Mwambie mdogo wangu amsalimie mama." Basi. Nilihuzunika, lakini ndani ya huzuni palikuwa na nafuu, na nafuu ile ndiyo iliyonifanya nisimtafute.

Mamangu aliishi miezi minane baada ya hapo. Alikufa nyumbani, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, nami namshukuru Mungu kwa hilo. Siku ya maziko nilimpigia mwenzangu simu mara tatu. Iliita mpaka ikakatika. Sikumwandikia ujumbe, niliona tanzia ya mama si tangazo la kumtumia mtu kama matangazo ya bidhaa. Watu wakaja kutoka Mambrui yote, Malindi, Gongoni, wenzangu wa ofisini wakaja, yeye hakuja. Nilimwekea kinyongo. Miaka kumi na saba ya mahamri na mihogo, hata mkono wa tanzia asinipe? Nilikaa na kinyongo hicho hadi arobaini, na baada ya arobaini nikaona siwezi kukaa nacho zaidi. Nikafunga safari kwenda Rabai kumuuliza.

Nilishuka Mazeras, nikachukua bodaboda kupanda vilimani. Nyumba ya dada yake, alikohamia, haikuwa ngumu kuipata. Kila niliyemuuliza aliijua. Nilimwona kabla sijafika uani. Alikuwa amekaa kwenye kigoda kivulini mwa ukuta, ameipa njia mgongo, anashona makuti.

"Hodi," nikasema.

Mikono yake iliendelea kukunja majani.

"Hodi, dada."

Alivuta uzi wa ukindu, akakaza. Nikaona, kumbe hata kunitazama hataki. Nikasogea hadi hatua mbili nyuma yake, nikasema kwa sauti ya mtu aliyekasirika, "Hodi jamani! Mgeni haitikiwi huku?"

Aliyetoka ni dada yake, kutoka jikoni, ameshika upawa. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mvi. Alinitazama kwa mshangao.

"Humwiti hivyo," akasema. "Zunguka umtokee mbele, taratibu, usimshtue. Hasikii."

"Hasikii tangu lini?"

"Zamani. Alipopata ile homa kubwa, kabla hajaajiriwa huko Malindi, sikio moja likafa. La pili likawa linamtoka kidogo kidogo." Akanitazama vizuri. "Wewe ni nani?"

Nikamwambia mimi ni yule aliyekuwa naye ofisini.

"Wewe ndiwe mdogo wake?" Upawa ulishuka. "Ulikuwa naye miaka yote ile, hujui?"

Nilizunguka kama nilivyoambiwa. Mwenzangu alipoona kivuli changu aliinua uso, na kabla hajakumbuka lolote lingine, alifurahi. Niliiona furaha ile ikija, kisha nikaiona ikizuiwa. Akaweka makuti chini, akaniletea kigoda mwenyewe, akakiweka mbele yake kabisa, magoti karibu yagusane.

"Mdogo wangu. Mama hajambo?"

"Mama amekufa," nikasema.

Alinitazama midomo. "Rudia."

"Mama amekufa, dada. Leo siku ya arobaini na tatu."

Ilinibidi nilitamke polepole neno lile ambalo tangu siku ya maziko nilikuwa nalipitisha haraka mdomoni. Alilia kwa sauti, bila kujua ukubwa wa sauti yake, mpaka majirani wakachungulia. Aliponyamaza aliniuliza kwa nini sikumwambia. Nikasema nilipiga simu mara tatu.

"Niliiona," akasema. "Ilikuwa inatetemeka mezani, jina lako. Nikadhani mkubwa amekutuma kuuliza mambo ya mafaili. Ningeipokea nisikie nini? Kwa nini hukuniandikia?"

Dada yake alituletea chai ya mchaichai, akaondoka. Nikamuuliza kwa nini asiniambie, mimi, miaka yote.

"Ningekwambia, ungefanyaje? Ungenihurumia. Kisha siku moja ungemwambia mtu kwa wema, naye angemwambia mkubwa kwa wema. Karani wa kupokea wateja, kiziwi!" Alicheka kidogo. "Pale mezani pangu sikuwa kiziwi. Mlango nauona. Mteja namkalisha penye mwanga wa dirisha, namsoma. Na wewe nakusoma. Simu ikilia, unainua jicho la kulia kabla ya mkono. Ukiongea na mteja mkali, unashika kalamu kama kisu. Ukirudia maneno ya simu mimi nayapata yote, kwa sababu wewe unatamka kama mtu wa chuo cha Kurani, kila herufi na haki yake. Sikuhitaji masikio. Ilitosha kila mtu akae mahali pake."

"Na kwenye kompyuta?"

"Mle midomo yenu hukatikakatika kama mkufu wa shanga. Midomo inatangulia, picha inaganda, mtu yuko na mdomo wazi. Nikaona mnacheka, nikajua nimeharibu, sikujua nimeharibu nini."

Hapo nikajua kwamba lazima niseme. Niliinamisha kichwa, nikaanza kusema huku nikitazama mikono yangu. "Dada, mkubwa aliniita siku moja, akaniuliza habari zako..."

Aliniwekea kidole chini ya kidevu, akaninyanyua uso.

"Inua uso," akasema. "Ukisema na ardhi sikupati."

Sijui kama nimewahi kufanya jambo gumu kuliko lile. Nililisema lote uso kwa uso, naye macho yake yametulia mdomoni mwangu, akiyapokea maneno mojamoja kama alivyoyapokea ya wazee wa Ganze. Nilisema neno ukaidi. Nilisema jinsi nilivyomfikiria mamangu. Nilisema, atazoea au ataondoka mwenyewe.

Alipoona nimemaliza, aliondoa macho mdomoni mwangu.

"Nilikuona," akasema.

"Uliona nini?"

"Chumba chenu ni cha kioo, mdogo wangu. Mlifunga mlango ili watu wasisikie. Mimi nilikuwa hatua kumi, na uso wako umenielekea." Aliokota kuti, akaligeuza mkononi, akaliweka. "Ukasema nitaondoka mwenyewe. Basi nikaondoka mwenyewe."

Nilimwomba radhi. Nililia, nikamshika miguu, akaniinua kwa kwapa kama mtoto. Hakusema amenisamehe. Alisema, "Kwa neno mkaidi sikukasirika, nimeitwa makubwa zaidi. Ulikuwa unatabasamu. Hilo ndilo lililonitoa." Kisha akasema, "Nilidhani umeshajua kwamba sisikii na unanifanyia makusudi, nikakuchukia. Kumbe ulikuwa hujui kweli." Na nikaona kwamba hilo lilimuuma kwa namna nyingine, labda zaidi: kwamba mtu ambaye yeye alimsoma kila siku kwa miaka kumi na saba hakuwa amemsoma yeye hata ukurasa mmoja.

Nilikula kwao. Nikarudi Mambrui.

Nilimwambia mkubwa, kwa idhini ya mwenzangu. Alisugua ukingo wa meza kwa kidole gumba. "Mbona hakuniambia?" akauliza. "Aliandika mstari mmoja tu." Kisha alijijibu mwenyewe, polepole, "Naam. Aliandika." Alikwenda Rabai yeye mwenyewe, siku ya Jumapili, akamwomba arudi. Akaagiza meza ndogo, akaiweka pale pale pa zamani, mgongo ukutani.

Mwenzangu hakurudi. Alikubali jambo moja tu, niende naye hospitali Kilifi apimwe. Tulikaa kwenye foleni tangu asubuhi, mimi nikimwambia kila jina lilipoitwa. Daktari, kijana mpole, alimtazama yeye aliposema wala si mimi, na kwa hilo nilimshukuru. Alisema sikio la kushoto limekwisha. La kulia lingesaidiwa sana na kifaa kama angekuja miaka kumi nyuma, sasa litasaidiwa kidogo. Akapewa kifaa. Alikivaa majuma mawili. Nilipokwenda kumtazama kilikuwa ndani ya kikombe, juu ya rafu.

"Nasikia kelele," aliniambia. "Kuku, upepo, sufuria. Watu sisikii. Na nimechoka, mdogo wangu. Miaka yote ile nilikuwa nakaza macho kutoka asubuhi hadi jioni, nikifika nyumbani kichwa kinapasuka. Huku wote wanajua. Anayenitaka ananijia mbele."

Nakwenda kwake kila baada ya majuma kadhaa. Tunakaa magoti yakikaribiana. Ananiuliza habari za wateja, nami namtamkia vizuri, ingawa habari zenyewe zimepungua, kwa kuwa wateja siku hizi ni sauti tu. Mzee mmoja alipanda ngazi mwezi uliopita na mfuko wake wa nailoni, akakuta namba ya simu imebandikwa mlangoni, akaingia hata hivyo. Aliniuliza yule mama yuko wapi. Nikamwambia amestaafu. Akasimama kidogo akiwatazama vijana na hedifoni zao, akashuka na hati zake. Sikumwambia mwenzangu habari ile.

Kwenye ile meza ndogo ya ukutani wapangaji wa siku huweka mikoba yao.

Mimi bado nafanyia kazi nyumbani siku tatu kwa wiki. Meza ni ile ile ya kulia chakula. Chumba cha mama kiko wazi, kitanda kimetandikwa, na saa saba ikifika huwa nainuka kitini kabla sijakumbuka. Nyumba haina mtu wa kuniuliza napima shamba la nani. Mwezi huu nilimwendea mkubwa nikamwomba nirudi ofisini siku zote tano.

Alifungua kompyuta yake, akatazama orodha ya nafasi kwa muda. Akaniambia amesikitika sana, lakini siku zote zimeshajaa, viti ni vya zamu. Zangu ni Jumatatu na Jumatano.